Nyumba ya Mkasi: Leso za nyanya na historia ya nguo Pwani

SHANGAZI yangu hakunisemesha kwa siku 12, na kisa kilikuwa mkasi. Nyanya alipofariki alituachia sanduku la mbao lenye leso 21: doti 10 kamili na leso moja isiyo na pacha. Mimi mjukuu, mwalimu wa lugha, nikatangaza siku ya arubaini, mbele ya jamaa wote, kwamba nataka kuzikata vipande nishone mfarishi.

"Wataka kuzikata?" shangazi aliniuliza. "Nguo za mamangu? Kwani huko Nairobi mablanketi yamekwisha?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliinuka, akajifunga leso yake vizuri kiunoni, akaenda zake jikoni. Tangu hapo nikipiga simu inapokewa na watoto.

Kabla sijaendelea, mpenzi msomaji, huenda neno lenyewe limekukwama. Mfarishi ni tandiko au kifuniko cha kitanda kilichoshonwa kwa tabaka za nguo, mara nyingi kikiwa na kijazo katikati. Neno hili limo kamusini, ila vinywani limeanza kupotea. Wengi siku hizi watasema "blanketi la viraka" na wakaeleweka. Leo nataka kueleza kwa nini nilitaka kushona mfarishi huo, kwa nini nilichelewa, na jambo nililojifunza kuhusu historia ya Pwani katika siku zile za kununiwa.

Wazo lilinijia Gede, ule mji wa kale ulio msituni karibu na Watamu. Gede ilichimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman kati ya 1948 na 1958. Chini ya udongo na mizizi palikuwa na misikiti, jumba la mtawala, visima, nyumba za mawe zilizosongamana, na makaburi, moja likiwa na tarehe inayolingana na mwaka 1399. Hakukuwa na mtu wa kueleza nyumba ipi ilikuwa ya nani, kwa hivyo nyumba nyingi zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake. Kuna Nyumba ya Kauri. Kuna Nyumba ya Sanduku la Pembe. Na kuna Nyumba ya Mkasi.

Nilikuwa nimepita penye Nyumba ya Mkasi mara nyingi nikiwa na wanafunzi, bila kusimama. Wiki chache baada ya kumzika nyanya, nilisimama. Nikajiuliza: mkasi huu ulikuwa ukikata nini? Alikuwapo mtu katika chumba hiki aliyekunjua nguo mapajani, akaipima kwa shibiri, akaikata. Chuma kilidumu chini ya udongo hadi kikapatikana. Nguo haikudumu. Katika joto na unyevu wa Pwani yetu, pamba huoza ikamalizika.

Hilo si jambo dogo. Historia ya kale huandikwa kwa kile kilichobaki. Kaure ya Uchina haiozi. Ushanga hauozi. Sarafu haziozi. Lakini mikeka, vikapu, kamba, majamvi na nguo, yaani vitu vingi vilivyopita katika mikono ya watu wetu wenyewe, vimeliwa na ardhi. Matokeo yake, ukiingia katika makumbusho, kabati za vioo zimejaa vitu vya wageni, na ni rahisi kutoka ukiamini kwamba wenyeji kazi yao ilikuwa kupokea.

Ndivyo tulivyofundishwa shuleni pia. Pwani ilipeleka nje pembe za ndovu, dhahabu na watumwa, ikaletewa nguo, shanga na vyombo. Tuliikariri orodha hiyo kwa ajili ya mtihani na tukapata alama. Biashara hiyo ilikuwapo kweli, wala siikani. Lakini mwanafunzi akiishia hapo, atadhani babu zetu walisimama ufuoni uchi wakingoja jahazi.

Ushahidi wa kinyume chake ni mdogo kwa umbo, unatosha kiganjani. Huko Shanga, kisiwani Pate, ambako Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980, na huko Kilwa, ambako Neville Chittick alichimba katika miaka ya 1960, vilipatikana vigurudumu vidogo vya udongo vyenye tundu katikati. Ni vyombo vya kusokotea uzi. Unachomeka kijiti katika tundu, unakizungusha, na uzito wa kigurudumu unakifanya kijiti kiendelee kuzunguka huku pamba ikijisokota. Uzi umeoza, nguo imeoza, ila kigurudumu kipo. Kinatuambia kwamba karne kadhaa kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka 1498, watu wa miji hii walikuwa wakisokota pamba yao.

Na kuna jambo moja lililonifurahisha zaidi. Vingi vya vigurudumu hivyo havikufinyangwa upya. Vilichongwa kutoka kwa vigae. Chungu kimevunjika, mtu ameokota kigae, amekisugua kingo zake kikawa duara, amekitoboa katikati, na chombo cha kupikia kikageuka chombo cha kusokotea. Hicho si kiraka ni nini?

Maandishi ya wasafiri nayo yanaunga mkono udongo. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kuhusu nguo zilizotengenezwa mjini humo, zilizojulikana kwa jina la mji na kupelekwa hadi Misri. Wareno walipokuja waliisifu Pate kwa nguo zake za hariri. Mmoja wao, Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alisimulia habari za Waislamu wa Sofala waliokuwa wakifuma nguo nyeupe za pamba. Walipotaka rangi, walichukua nguo za buluu zilizotoka Cambay, Bara Hindi, wakazifumua, kisha wakaufuma upya uzi ule pamoja na uzi wao mweupe.

Naomba tutulie hapo kidogo, kwa kuwa hii ni safu ya lugha. Katika sarufi tunafundisha kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Fuma na fumua zimo humohumo. Kitenzi cha pili hukitangua cha kwanza, na wanafunzi wangu hupenda kukifasiri kama kuharibu. Lakini fundi wa Sofala aliyefumua nguo ya Cambay hakuwa akiharibu. Alikuwa akitafuta uzi. Kufumua kwake kulikuwa hatua ya kwanza ya kufuma.

Mwanaakiolojia naye anafanya kazi ya kutendua. Udongo umefukia, yeye anafukua.

Msamiati wenyewe wa nguo una matabaka kama ya shimo la wachimbaji. Chini kabisa lipo neno nguo, ambalo hatukuazima. Mkikuyu anasema nguo, Mkamba anasema ngua, na kule kusini kabisa Mzulu ana ingubo. Yapo pia mtande na mshindio, yaani nyuzi zinazotandwa kwa urefu na zile zinazopitishwa kwa upana. Lugha isiyofuma ingekuwa na haja gani na maneno kama hayo? Juu ya tabaka hilo yamekuja ya Waarabu: mkasi, hariri. Yamekuja ya Wahindi: doti, ile jozi ya leso. Limekuja la Wareno: leso yenyewe, kutoka lenço, yaani kitambaa cha mkononi. Na katika karne ya 19 likaja merikani, lile bafta la Marekani lisilopaushwa ambalo kwa miaka mingi lilikuwa kama sarafu katika njia za misafara ya bara.

Historia ya leso nayo huanza na sindano. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Pwani walinunua vile vitambaa vya mkononi vikiwa bado vimeshikana katika jora, wakavikata sita sita, wakaviunga vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi moja pana ambalo hakuna mgeni aliyekuwa amewaletea. Baadaye wafanyabiashara waliona jinsi mtindo unavyopendwa, wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima nzima. Majina, yaani yale maneno ya methali na mafumbo, yalikuja baadaye zaidi, na huko Mombasa mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, ndiye anayetajwa sana kwa kuyaeneza.

Kwa hivyo leso, kabla haijawa leso tuijuayo, ilikuwa kazi ya viraka. Nilipofikia hapo nilihisi nimeshinda kesi. Nilikuwa na hoja ya kumpelekea shangazi: ninachotaka kufanya ndicho walichofanya wao.

Ila shangazi naye alikuwa na hoja yake, hata kama hakuisema kwa maneno ya kitaalamu. Mchimbaji wa mambo ya kale huharibu kile anachokisoma. Tabaka la udongo likishafukuliwa halirudi kama lilivyokuwa. Ndiyo maana wachimbaji makini hupima, huchora, hupiga picha, huandika kila kitu kilikuwa kina gani na kando ya nini. Ndiyo maana pia huacha sehemu ya mji bila kuigusa, ili wajao wenye vifaa bora wapate pa kuanzia.

Faida ya subira hiyo tumeiona majuzi. Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji ya Pwani ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Miongoni mwa viongozi wa utafiti huo ni mwanaakiolojia Mkenya, Profesa Chapurukha Kusimba. Wachimbaji wa miaka ya 1950 hawakuwa na njia ya kusoma mambo hayo katika mifupa. Matokeo yalionyesha kwamba kufikia takriban mwaka 1000 watu wa Afrika na watu wa Asia, hasa Waajemi, walikuwa wakichanganya damu Pwani, na kwamba upande wa akina mama ulikuwa wa Kiafrika kwa kiasi kikubwa sana. Wale wanaogombana kila mwaka kuhusu "Mswahili ni nani", mmoja akivuta kwa Waarabu na mwingine akivuta kwa bara, wamepewa jibu lenye mtande na mshindio. Ukivuta uzi mmoja utoke, nguo yote inalegea.

Basi nikaamua kuwa mchimbaji mwenye adabu. Nilinunua daftari, nikazitandaza leso za nyanya sakafuni moja baada ya nyingine, nikazipiga picha. Nikaandika rangi, pindo, mji na jina la kila moja. (Kwa wasioijua leso: pindo ni ule upapi unaoizunguka, na uwanja wa katikati huitwa mji.) Nikaamua pia kwamba katika kila doti nitakata leso moja na kuhifadhi pacha wake. Ile moja isiyo na pacha sitaigusa. Ilikuwa nyekundu iliyofifia, nondo wameila upande mmoja, na jina lake lilikuwa WEMA HAUOZI.

Kisha nikafika kwenye safu ya mwisho ya daftari, ile niliyoipa kichwa "Historia yake". Leso hii ilinunuliwa lini? Nani alimpa? Kwa tukio gani? Nikajaza ya kwanza: Idi ya mwaka niliofaulu mtihani wa darasa la nane. Nikajaza ya pili, ya tatu, ya nne. Kalamu ikasimama. Kati ya doti 10 na ile leso moja, mimi niliyelelewa na nyanya nilijua habari za nne tu.

Hapo ndipo nilipoielewa Nyumba ya Mkasi. Kule Gede chombo kimebaki, nguo imepotea. Kwetu nguo ilikuwa mbele yangu, nzima, inanukia karafuu na udi, na kilichokuwa kikipotea ni maneno yake. Maneno hayo yalikuwa Kisauni, kichwani mwa mama wa miaka 71 ambaye hanisemeshi.

Nikapanda basi la usiku hadi Mombasa. Sikubeba mkasi. Nilibeba daftari, picha, na ile leso nyekundu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," alisema, akaendelea kuchambua mchele. Baada ya muda: "Umekuja kuniomba ruhusa?"

"Nimekuja kukuuliza. Leso zile sizijui."

Alitazama daftari. Akatazama picha. Ya kwanza tu akacheka, akasema hiyo si ya Idi, ni ya harusi yake mwenyewe, na kwamba nyanya aliivaa Idi ile kwa sababu nilimlilia avae nyekundu. Hata zile nne nilizodhani nazijua, moja nilikuwa nimekosea! Tulikaa alasiri tatu. Nilijua leso ipi ilivaliwa kumzika babu, ipi ilitumwa kwa jirani kama jibu la matusi, ipi ilinunuliwa kwa pesa za kwanza za kuuza mahamri. Jina la leso lilikuwa likisemwa bila kufungua kinywa. Mwanamke aliweza kugombana, kutongoza, kusamehe na kushukuru kwa kupita tu mlangoni akiwa amejitanda.

Siku ya tatu nilimwonyesha ile nyekundu, nikamuuliza pacha wake alikwenda wapi. Hakujibu. Aliingia chumbani, akarudi na kitambaa laini kama karatasi iliyoloa, kilichopauka kiasi kwamba herufi zilisomeka kwa kubahatisha. WEMA HAUOZI. Nyanya alikuwa ameinunua doti ile shangazi alipojifungua kifungua mimba wake, akaigawa. Moja akabaki nayo, nyingine akampa bintiye iwe mbeleko. Watoto watano walibebwa humo.

"Kata hii," shangazi alisema. "Ile ya mamangu iwache."

Mfarishi ulinichukua miezi mitano, kwa mkono, usiku baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi. Niliufuata utaratibu wa Wasidi wa Karnataka, India, ambao ni vizazi vya Waafrika waliovushwa bahari hii hii. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kutokana na nguo kuukuu. Huanzia pembezoni, wakazunguka wakielekea katikati, wakipiga bandi mshono juu ya mshono hadi tabaka zishikane, na kwenye pembe huweka vijiraka vilivyokunjwa wanavyoviita phula, yaani ua. Sikuuchagua utaratibu huo kwa kudai kwamba waliutoa kwetu. Niliuchagua kwa kuwa ndivyo mtu anavyoingia Gede: unapita ukuta wa nje, unapita ukuta wa ndani, ndipo unafika mjini.

Pindo za leso 10 zikawa kuta zangu. Ndani yake nikapanga vipande vya mji wa kila leso, vyeupe, vya buluu, vya manjano, nikihakikisha nambari ya kila kipande imo daftarini. Katikati nikashona duara moja kubwa lenye tundu, mfano wa kile kigurudumu cha kusokotea. Ile mbeleko ndiyo iliyolijaza tundu. Ilikuwa imechoka mno kushika sindano, kwa hivyo niliipa bitana ya merikani na mishono iliyokaribiana sana. Mishono yangu haikunyooka. Fundi wa kweli angenicheka.

Nilipompelekea shangazi auone, aliugeuza nyuma kwanza, kama wafanyavyo wanawake wanaojua kazi. Akapitisha kidole kwenye mishono, akatikisa kichwa. Akaugeuza mbele, akaanza kutaja: hii ya harusi yangu, hii ya babako alipokwenda jandoni, hii ya mahamri. Wajukuu wakamsogelea. Mmoja akauliza hiki cha katikati ni nini, mbona hakina rangi. Shangazi akaketi kitandani kumweleza, na mimi nikatoa daftari, maana kulikuwa na jambo ambalo hakuwa ameniambia.

Nina ombi moja kwa wasomaji wa safu hii. Mnazo leso makwenu, mnazo kaniki, mnavyo vikoi na vyondo. Kabla hamjazigawa, kuziuza au kuzikata, muulizeni mwenye nazo habari zake, na muandike.